Haki ya Kulalamikia Zawadi

Mtu anayenunua shati la mtumba gulioni hana haraka. Hulikunjua, hugeuza kola, huvuta vifungo kuona kama vimeshika, huinua kwapa kuelekea jua atazame kama kitambaa kimechakaa. Akiona tundu hulirudisha kwenye lundo, au huomba apunguziwe. Muuzaji hamwoni kuwa hana adabu. Shati limevaliwa na mtu mwingine Ulaya au Marekani, limeachwa, limesafiri, na sasa linakaguliwa na mtu mwenye shilingi 3,000 mkononi. Hizo 3,000 ndizo zinazompa haki ya kusema: hili hapana.

Mwalimu mkuu wa shule ndogo ya kijijini anayepokea kompyuta zilizotumika hana haki hiyo. Kompyuta nazo zimetumiwa na mtu mwingine, zimeachwa, zimesafiri. Lakini siku ya makabidhiano kuna risala, kuna mgeni rasmi, kuna picha ya pamoja. Hakuna mwalimu anayeomba bisibisi mbele ya mgeni rasmi ili afungue kifuniko aone ndani kukoje. Anashukuru, anasaini, anapiga makofi. Miezi minne baadaye, nyingi zikiwa zimezima, hana wa kumwambia. Na akisema, ataonekana hana shukrani.

Swali la insha hii ni hilo. Je, anayepewa ana haki ya kulalamika? Na kama anayo, nani ana wajibu wa kuilinda? Naamini anayo. Naamini pia kwamba mlinzi wake wa kwanza ni mtu ambaye risala za makabidhiano humtaja kwa sentensi moja tu, kama anatajwa kabisa: kijana wa kujitolea aliyeifungua ile kompyuta kabla haijafika shuleni.

Tuchukue mfano. Tuseme vijana sita wa Ifakara wameazima chumba katika kata ya Viwanja Sitini, kata ambayo jina lake lenyewe ni hesabu. Wawili wamemaliza stashahada ya TEHAMA na bado wanatafuta kazi, mmoja ni fundi simu, watatu ni wanachuo walio likizo. Wameletewa kompyuta 30 za mezani kutoka ng'ambo, wazitengeneze ziende kwenye shule za bonde la Kilombero: upande wa Mofu, Mbingu, Mngeta, mpaka Mlimba. Mfano ni wa kubuni, ila yatakayotokea ndani yake ni ya kawaida kwa yeyote aliyewahi kushika bisibisi mbele ya kompyuta ya msaada.

Kazi ya kwanza ni kupuliza vumbi. Ya pili ni kutazama nyuma. Kompyuta nyingi za zamani zilizotumika Marekani zina swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, yenye namba mbili: 115 na 230. Umeme wa nyumbani kule ni wa volti 120, wa kwetu ni 230. Ukichomeka bila kuisogeza ile swichi, utasikia mlio, utaona moshi, na zawadi itakuwa imekwisha kabla ya kutumika. Kazi ya tatu ni kutazama bodi: kapasita zilizovimba vichwa ni dalili kwamba mashine inaweza kuwaka leo na kugoma mwezi ujao. Kisha diski, ambayo programu ya kupima itasema imebakiwa na uhai gani. Kisha ile betri ndogo ya duara kama sarafu, inayotunza saa. Ikiisha, kompyuta huamka kila siku ikidhani ni mwaka wa zamani, na tovuti nyingi hukataa kufunguka kwa sababu tarehe haziendani.

Baada ya hapo kuna suala la programu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama na prosesa za miaka ya karibuni, kwa hiyo kompyuta nyingi ambazo bado zina nguvu zimepoteza kazi katika ofisi za matajiri bila ya kuharibika. Mashine za namna hiyo zitazidi kuja kwetu. Ukiziwekea Linux, ambayo ni bure na inaendelea kurekebishwa, zinaweza kufanya kazi miaka mingine. Kuzikataa zote kwa kuwa ni kuukuu itakuwa ujinga. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa wa mwaka 2004 ulikadiria kwamba kutengeneza kompyuta moja ya mezani na skrini yake ya wakati ule kulihitaji tani 1.8 za mafuta, kemikali na maji. Gharama hiyo dunia imeshailipa. Kuitupa mashine inayofanya kazi ni kuilipa mara mbili.

Mwisho wa wiki vijana wetu sita wanapanga kompyuta kwa mafungu. Kumi na saba ni nzima kabisa. Sita ni mbovu, hazina la kufanya ila kutolewa vipuri. Zilizobaki saba ndizo zenye utata: zinawaka, zinapendeza kwenye picha, ila fundi anajua hazitamaliza mwaka. Maadili ya kazi hii yote yamekaa kwenye hizo saba.

Aliyetoa hazijui, kwa kuwa aliziona mara ya mwisho zikiwa chini ya meza ofisini. Mwalimu atakayepewa hazijui pia, kwa kuwa ataziona zikiwa zimefutwa vumbi na zimewaka. Anayejua ni kijana aliye katikati. Yeye ndiye pekee anayeweza kuwadanganya wote wawili bila kusema neno la uongo. Akizipeleka, mtoaji atapata taarifa inayosomeka vizuri, kwamba kompyuta 24 zimefika, na shule itafurahi. Asipozipeleka, atatakiwa kueleza kwa nini kati ya 30 zimekwenda 17 tu. Vishawishi vyote vinaelekea upande mmoja, kwa sababu taarifa za misaada huhesabu mashine zilizofika. Ni nadra kuhesabu zinazowaka baada ya miaka miwili.

Kuna mambo mawili yanayoweza kusemwa kutetea kuzipeleka zile saba, na yote mawili yana uzito.

La kwanza ni kwamba kidogo ni bora kuliko hakuna. Mwaka 2018 picha za mwalimu mmoja wa Ghana, Richard Appiah Akoto, zilizunguka dunia nzima. Alikuwa amechora ubaoni kwa chaki dirisha zima la programu ya Word, menyu zake zote na vitufe vyake, kwa sababu wanafunzi wake walitakiwa kufanya mtihani wa taifa wa TEHAMA na shule haikuwa na kompyuta. Anayezitazama picha zile atasema: hata kompyuta ya kuishi miezi sita ingekuwa baraka. Kwetu pia TEHAMA inafundishwa, na mtoto wa Mofu anafanya mtihani uleule anaofanya mtoto wa Mikocheni. Je, kijana wa Viwanja Sitini ana haki gani ya kumnyima mtoto huyo miezi sita ya kushika kipanya, eti kwa sababu ya kanuni?

Naliheshimu swali hilo. Lakini tuutazame vizuri ubao wa yule mwalimu. Ulikuwa mchoro, na kila mwanafunzi alijua ni mchoro. Haukumdanganya mtu. Tena ulisema wazi kwamba shule hii haina kompyuta, ndiyo maana dunia ikasikia. Kompyuta iliyokufa husema jambo jingine. Hukaa kwenye chumba kilichofungwa kufuli, imefunikwa kitambaa, na kwenye daftari la mali za shule imeandikwa kwamba ipo. Fomu nyingine ikija kuuliza shule zipi hazina kompyuta, shule hii itaonekana inazo. Zawadi mbovu huweza kuiondoa shule kwenye foleni ya zawadi nzima. Na mtoto aliyeiona ikizima mbele yake mara tatu anajifunza somo ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha: kwamba vitu hivi havijatengenezwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Halafu kuna bili. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku iliyowekwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazokwenda shuleni, nyingine zikibaki kwa ajili ya vitabu. Shule yenye watoto 300 inapata shilingi 1,800,000, yaani 150,000 kwa mwezi, za chaki, mitihani, ukarabati na mengine yote. Sasa weka humo kompyuta 20 za mezani, kila moja na skrini yake ikila takribani wati 100. Zikitumika saa 4 kwa siku, siku 20 kwa mwezi, ni uniti 160. Kwa bei ya takribani shilingi 350 kwa uniti, LUKU itakula shilingi 56,000, zaidi ya theluthi moja ya fedha zote za mwezi. Zingekuwa kompyuta mpakato za wati 30, gharama ingekuwa chini ya 17,000. Hivyo hata kompyuta nzima kabisa inaweza kuwa mzigo, na mtu wa kulijua hilo mapema ni fundi mwenye kipimo. Bonde hili lina mabwawa ya Kidatu, megawati 204, na Kihansi, megawati 180. Umeme wa taifa unazalishwa hapa, lakini anayelipia uniti ni mwalimu mkuu.

Kwa hiyo "kidogo ni bora kuliko hakuna" ni kweli pale tu ambapo kidogo hicho hakiji na gharama iliyofichwa. Kikija nayo, basi anayepewa anastahili kuambiwa ili achague mwenyewe. Mwambie mwalimu: "Mwalimu, hizi saba zinawaka, ila hatudhani zitafika mwakani. Unazitaka kwa masharti hayo?" Huenda akasema anazitaka, ana wanafunzi wa mtihani mwezi wa kumi. Huenda akasema hapana, hana umeme wa kuzilisha. Jibu lolote kati ya hayo ni halali, kwa sababu limetoka kwake. Ambacho si halali ni kijana wa mjini kumjibia kwa kunyamaza.

Hoja ya pili ni ya shukrani. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtu ametoa kwa moyo, nawe unamletea orodha ya kasoro! Wengi wetu tulilelewa hivyo: ukipewa, pokea kwa mikono miwili, usifungue mbele ya aliyekupa. Ni adabu nzuri na siibezi. Lakini adabu hiyo ilikulia kati ya majirani, na majirani wana jambo jingine ambalo misaada ya mbali haina.

Fikiria wakulima wawili wa mpunga wa Ifakara. Mmoja anampa mwenzake mbegu debe moja. Mbegu zinamwagwa, mvua inanyesha, na nusu yake haioti. Aliyepewa atafanya nini? Atamwendea jirani yake jioni, atasalimia, watazungumza habari za watoto na za mvua, kisha atamwambia: ndugu yangu, zile mbegu hazikuota vizuri. Hakuna atakayesema huyo ni mkosa shukrani. Aliyetoa mbegu anataka kujua, kwa sababu shambani kwake kuna mbegu za gunia lilelile, na kwa sababu msimu ujao watapeana tena. Anayenyamaza ndiye atakayelaumiwa: kwa nini hukuniambia?

Jirani anaweza kulalamikiwa kwa sababu yupo, na kwa sababu zamu ya kutoa huzunguka. Mwanaanthropolojia wa Kifaransa Marcel Mauss, katika insha yake ya mwaka 1925 kuhusu zawadi, alieleza kwamba katika jamii nyingi zawadi huja na wajibu wa namna tatu: kutoa, kupokea, na kurudisha. Mfikirie mwalimu mkuu wa Mngeta na kampuni iliyoko maelfu ya kilomita kutoka kwake. Atarudisha nini? Hana cha kuwapa. Basi hurudisha kile anachoweza, yaani picha, barua ya shukrani, na ukimya juu ya kilichoharibika. Ukimya wake ndio malipo. Na kama ni malipo, basi kompyuta zile hazikuwa za bure. Shule imezilipia kwa haki yake ya kusema kweli.

Azimio la Arusha, Februari 1967, lilionya kwamba kutegemea zawadi na mikopo kutoka nje kunahatarisha uhuru. Tumezoea kulisoma onyo hilo kwa mizani ya mataifa na bajeti. Lakini uhuru unaopotea huweza kuwa mdogo wa kuingia kwenye chumba kimoja cha darasa: uhuru wa mwalimu kusema kwamba kitu hiki ni kibovu.

Wapo waliojaribu kuurudisha uhuru huo kwa njia inayoonekana, kwa mara ya kwanza, kama uchoyo. Computer Aid International, iliyoanzishwa London, na Computers for Schools Kenya, iliyoanza Nairobi mwaka 2002, hazikuzitoa kompyuta bure kabisa. Wapokeaji walichangia ada. Nilipolisikia jambo hili mara ya kwanza lilinikera: kwa nini umtoze maskini kitu ulichopewa? Lakini turudi kwa yule mnunuzi wa mtumba. Ada, hata ndogo, humtoa mwalimu kwenye kiti cha mpokeaji na kumweka kwenye kiti cha mteja, na mteja ana namba ya kupiga. Kenya kazi hiyo iliendelea hadi kuzaa kituo cha kupokea na kubomoa vifaa vya kielektroniki vilivyokufa, kwa sababu aliyekuuzia kitu anaweza kuombwa akichukue kikifa.

Ada ina ubaya wake. Shule yenye uwezo mdogo kuliko zote ndiyo itakayoachwa nje, na hiyo ndiyo iliyokuwa shabaha. Kwa hiyo sisemi kila shule itozwe. Ninachosema ni kwamba ile haki iliyokuwa inanunuliwa kwa ada lazima ipatikane kwa njia nyingine pale ambapo ada haipo. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha: sisi tunaleta hizi, zina hali hii, tutarudi kila muhula kwa mwaka mmoja, zikifa tutazichukua, nyinyi mtatengeneza nondo za madirisha na kuchagua walimu wawili na wanafunzi wanne wa kujifunza kuzifungua. Kila upande una la kudaiwa. Asiyedaiwa kitu hawezi kudai kitu.

Hilo la kuzichukua zikifa si dogo. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nchi za Afrika zilikubaliana Bamako mwaka 1991 kuzuia taka hatari kuingizwa barani. Mwaka 2009 Uganda ilitangaza kupiga marufuku kuingiza vifaa vya umeme vilivyotumika, kompyuta zikiwemo. Naiona marufuku ya namna ile kama lalamiko la nchi nzima kwa pamoja, na naelewa lilikotoka. Lakini marufuku haitofautishi zile 17 na zile 6. Kutofautisha kunahitaji mtu mwenye bisibisi na dhamiri, mashine moja baada ya nyingine. Risasi iliyomo kwenye vioo vya skrini za zamani haijui kwamba ililetwa kwa nia njema. Ikitupwa nyuma ya shule kwenye bonde ambalo maji hufurika kila masika, itakwenda maji yanakokwenda.

Nimetaja wanafunzi wanne wa kujifunza kuzifungua, na hapo ndipo naona kiini cha jambo. Ili mtu alalamike vizuri lazima ajue majina ya vitu. Mwalimu anayepiga simu na kusema "zimeharibika" hawezi kusaidiwa kwa simu. Anayesema "inalia mara tatu kisha inazima" ameshasaidiwa nusu. Mwaka 2004 wataalamu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Wengi waliona ni pambo la kizalendo. Mimi naona walikuwa wanatengeneza lugha ya kulalamikia. Mtoto wa darasa la sita anayesoma ujumbe wa hitilafu kwa lugha asiyoielewa atabonyeza chochote mpaka uondoke. Akiuelewa, anaweza kuubishia.

Ifakara ina mfano wake wa jambo la wageni lililogeuka la wenyeji. Mwaka 1957 Rudolf Geigy, kutoka Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mjini Basel, alianzisha hapa maabara ndogo ya utafiti. Ilikuwa maabara ya wageni, yenye vifaa vya wageni na maswali ya wageni. Leo Taasisi ya Afya Ifakara inaongozwa na Watanzania, na watafiti wake wa malaria wanakubaliana na wenzao wa Ulaya au wanawapinga kwa takwimu. Hadubini peke yake isingelileta hilo. Kilichogeuza mambo ni kufundisha watu, miaka mingi, hadi wakawa na uwezo wa kumwambia aliyeleta hadubini kwamba hapa umekosea. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kompyuta ya msaada nayo ni mgeni: siku ya tatu ifunguliwe mbele ya wanafunzi, wajue ndani kuna nini. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa Machi 1967 ilitaka kila shule iwe na shamba. Karakana ya kona moja yenye bisibisi, brashi na kompyuta sita za kutolewa vipuri ni shamba la namna yake, na hapo hata zile mbovu kabisa za Viwanja Sitini zina kazi ya heshima.

Limebaki jambo moja linalonisumbua. Nimewabebesha vijana sita mzigo mkubwa, nao hawalipwi. Kurudi shuleni kila muhula ni nauli, ni siku nzima barabarani, na masika ni tope mpaka magotini. Mtoaji amelipia kontena na usafiri wa baharini. Nauli ya bodaboda ya kwenda kusikiliza lawama haikuwemo kwenye bajeti ya mtu. Tunawaita "wa kujitolea", lakini kwa vijana wengi wa rika letu kujitolea ni jina la kungoja ajira. Je, ni haki kuwadai uadilifu wote huo kwa bure?

Nadhani jibu ni kwamba wao pia ni wapokeaji. Wamepewa kompyuta 30 na kazi ya kuzitengeneza, nao pia wamefundishwa kushukuru na kunyamaza. Haki ninayomdai mwalimu wa Mngeta ni ileile ninayowadai wao: wamwandikie mtoaji kwamba zilikuja 30, nzima ni 17, msituletee tena za aina hii, na tafadhali tumeni fedha za nauli na diski badala ya kontena jingine. Mtoaji anayekasirishwa na barua hiyo alikuwa anatafuta pa kumwagia vitu vyake. Mtoaji mwenye moyo ataifurahia kama yule mkulima wa mpunga, kwa sababu sasa anajua gunia lake likoje. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa kwanza katika kazi hii huwa ni ile sentensi ambayo mtu aliona haya kuisema mapema.

Kwa hiyo, badala ya kuhesabu kompyuta zilizofika, ningehesabu simu. Vijana waliopeleka kompyuta 17 na kuacha namba yao ukutani watapigiwa. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba. Ile ya tatu kutoka dirishani imeanza kulia tena, na watoto wananiuliza kwa nini Kolibri haifunguki." Huyo mwalimu analalamika, na ndani ya lalamiko lake kuna watoto waliokaa mbele ya skrini asubuhi hiyo, wakataka kitu, wakakikosa, wakauliza. Shule ya kuogopa ni ile isiyopiga simu kabisa, ambayo kila ukiuliza hukujibu kwamba zote ni nzima, tunashukuru sana.